Umejuaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nadharia za Sayansi, Matangazo ya Biashara na Kura za Maoni

Wanaouliza maswali haya hawafanani. Yupo mwanafunzi aliyeambiwa kwamba somo fulani ni "nadharia tu", yupo mnunuzi aliyesimama dukani na chupa mkononi, na yupo msomaji wa gazeti aliyekutana na asilimia asiyojua imetoka wapi. Tumeyaweka pamoja kwa sababu kosa ni lilelile kote: tunahesabu walioonekana na kuwasahau wasioonekana.

Nadharia si wazo tu ambalo bado halijathibitishwa?

Kwa lugha ya kijiweni, ndiyo. Kila mtu ana nadharia yake kwa nini timu yake imefungwa. Katika sayansi nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyopimwa, tena yanathubutu kutabiri jambo ambalo bado halijaonekana. Mwaka 1846 mwanaastronomia Urbain Le Verrier, akiwa Paris na karatasi zake, aliona kwamba sayari ya Uranus inakwenda kombo kidogo. Kwa kutumia nadharia ya Newton ya mvutano akakokotoa mahali panapopaswa kuwa na sayari nyingine inayoivuta. Akamwandikia Johann Galle wa Berlin aelekeze darubini huko. Galle aliiona Neptune usiku wa siku aliyopokea barua, karibu digrii moja tu kutoka mahali alipoelekezwa.

Na sijawahi kumsikia mkwezi aliye juu ya mnazi akisema mvutano ni nadharia tu.

Kama ni imara hivyo, mbona nadharia hubadilika?

Hadithi ya Le Verrier ina sehemu ya pili ambayo husimuliwa mara chache. Mwaka 1859 aligundua kwamba Zebaki nayo, sayari iliyo karibu zaidi na jua, haifuati hesabu sawasawa. Akatumia mbinu ileile: lazima kuna sayari nyingine iliyo karibu zaidi na jua, inayoivuta. Ikapewa hata jina, Vulcan. Watu wakaitafuta kwa miongo kadhaa, wengine wakadai wameiona, lakini haikuwepo. Safari hii yenye kasoro ilikuwa nadharia ya Newton yenyewe, na mwaka 1915 Albert Einstein akaeleza mwendo wa Zebaki bila kuhitaji sayari mpya.

Kilichompa Einstein heshima ni kwamba alijiweka mahali pa kuumbuka. Alitaja namba: mwanga wa nyota ukipita kando ya jua utapinda kwa takribani sehemu 1 kati ya 2,000 ya digrii, mara mbili ya kile ambacho hesabu za Newton zingetoa. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipopatwa, na nyota za kando yake zikaweza kupigwa picha, mwanaastronomia Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, pwani ya magharibi ya Afrika, na kundi jingine lilikuwa Sobral, Brazili. Mawingu yalimsumbua sana Eddington, lakini picha zilizopatikana zilielemea upande wa Einstein. Hesabu za Newton hazikutupwa. Hadi leo ndizo zinazotumika katika kazi nyingi za uhandisi. Tumejua tu zinakomea wapi.

Nadharia ambayo haiwezi kamwe kuonyeshwa kuwa na makosa, si ndiyo bora zaidi?

Hapana, hiyo ndiyo ya kuogopa. Mwanafalsafa Karl Popper aliweka sharti hili: dai la kisayansi lazima liseme ni matokeo gani yangelikanusha. Mtu akikuuzia dawa na kukuambia itafanya kazi ukiwa na imani, na usipopona basi imani yako ilipungua, amejifungia mlango wa kukosea. Upone au ufe, yeye yuko sahihi.

Kuhusu Erasto Mpemba, aliyesema cha moto huganda kabla ya cha baridi: alikuwa sahihi au la?

Swali hili huulizwa kwa hamasa, hasa na Watanzania, kwa hiyo acha tulijibu kwa nafasi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa za kugombania. Mwenzake mmoja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walikuta ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kisha akaja Denis Osborne kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba akanyanyua mkono na kuuliza swali lake, wenzake wakacheka. Osborne alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, lakini hakumdharau; alirudi Dar na kumwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, na kwa bidii yake akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi.

Sentensi hiyo ya fundi inatosha kufundishia muhula mzima. Ukirudia jaribio hadi lilingane na unachokiamini, kisha ukasimama hapo, utathibitisha chochote unachotaka.

Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969. Tangu hapo jambo hilo limejaribiwa sehemu nyingi. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaingia majibu takriban 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao wenyewe pamoja na uchambuzi wa ya wengine, wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionyesha pia kwamba tofauti ndogo tu, ya kiasi cha sentimita moja, katika kina ambacho kipimajoto kimewekwa inatosha kukupa matokeo ya uongo. Wapo watafiti wengine wanaoendelea kulitetea jambo hili kwa masharti maalumu.

Kwa hiyo alikuwa sahihi? Alikuwa sahihi kuuliza, na alikuwa sahihi kuhusu alichokiona kwenye friji ile. Kama ni kanuni ya maji yote mahali pote, mjadala haujafungwa, na kwa maoni yangu ushahidi wa upande wa "ndiyo" ni dhaifu kuliko tunavyopenda kuamini tukiwa nyumbani. Waliokosea bila shaka ni walimu walioona jibu halihitaji kupimwa.

Watu waliopona wenyewe wanatoa ushuhuda. Huo si ushahidi?

Ni mwanzo wa swali. Kumbuka Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2011 msururu wa magari ulienea kilomita nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, alikokuwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mizizi, shilingi 500, kwa ukimwi, kisukari, pumu, saratani. Walikwenda maskini na matajiri, na viongozi wa serikali nao walipiga kikombe. Simu ziliita kila upande wa nchi: fulani amepona.

Sasa tazama ni nani aliyekuwa akipiga simu. Mgonjwa wa pumu ana siku nzuri na mbaya, na hufunga safari ile mbaya inapozidi. Akisubiri wiki mbili, hata bila kikombe, huenda akawa na nafuu. Mwenye maumivu akipata matumaini, maumivu hupungua kweli, ila virusi kwenye damu havisikii matumaini. Na waliofariki, wengine wakiwa foleni njiani, hawakuwa na namna ya kutoa ushuhuda. Jirani anayesikia shuhuda kumi hajui kama kumi hao wametoka kwa watu kumi na moja au elfu moja.

Ili kujua, ingebidi kuandika majina na vipimo vya hospitali *kabla* ya kikombe, kisha kuwatafuta watu walewale miezi sita baadaye, pamoja na waliozikwa. Zoezi kama hilo halina mvuto wa redioni. Lakini wapo walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya kikombe, na hao ndio waliolipa zaidi ya shilingi 500.

Kwa hiyo mnadharau tiba asili?

Hata kidogo. Dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati ina asili yake katika mmea uliotumika China kwa karne nyingi kutibu homa. Tu Youyou na wenzake, katika mradi ulioanza 1967, walipitia maandiko ya kale na kujaribu mimea kwa mamia. Dondoo la mmea huo halikuwa na nguvu ya kuaminika hadi Tu alipobadili njia ya kulitoa, akaacha joto kali na kutumia etha. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mzee wa kijiji na maabara walikutana, na mimea mingine mingi iliyojaribiwa katika mradi uleule ikawekwa kando.

Tangazo linasema "imethibitishwa kisayansi". Niulize nini?

Imethibitishwa na nani, kwa watu wangapi, ikilinganishwa na nini. Swali la tatu ndilo linalorukwa. Watu 100 walitumia sabuni na ngozi za 80 kati yao zikang'aa. Je, ngozi za wengine 100 waliooga kwa sabuni ya kawaida na kunywa maji ya kutosha zilikuwaje?

Soma zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme. Nguvu za kiume, presha, vidonda vya tumbo, kisukari, kurudisha mpenzi, mvuto wa biashara, kesi mahakamani: vyote kwa namba moja ya simu. Dawa halisi huwa na ugonjwa wake, kipimo chake na madhara yake. "Haina madhara yoyote" ni sentensi ya muuzaji. Hata maji yana kiwango cha kudhuru.

Nembo nazo zisomwe kwa mipaka yake. Alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, kwenye pakiti inasema bidhaa imekidhi kiwango cha ubora. Haisemi kwamba inatibu. Kwa dawa, Tanzania ulizia usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya ule wa Pharmacy and Poisons Board.

Msidhani ni michezo ya vichochoroni tu. Nchini Marekani Listerine ilitangazwa kwa miongo mingi kama kinga ya mafua, hadi mwaka 1975 tume ya biashara ya serikali ilipoamuru matangazo yake yabebe kauli ya kusahihisha kwamba haizuii mafua.

"Inaua asilimia 99.9 ya vijidudu"?

Katika maabara, kwenye vijidudu vilivyochaguliwa, kwa muda uliopangwa. Na wakiwa milioni moja, wanabaki 1,000.

"Zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanapendekeza…" Je, ni uongo?

Si lazima uwe uongo ili ukupotoshe. Tangazo hilo hasa lilikuwa la Colgate nchini Uingereza, na mwaka 2007 mamlaka ya kusimamia matangazo ililizuia. Madaktari waliopigiwa simu waliruhusiwa kutaja dawa za meno zaidi ya moja, na chapa shindani ilitajwa karibu sawa na Colgate yenyewe. Msomaji wa bango alielewa kwamba madaktari 80 kati ya 100 wameichagua hii na kuziacha nyingine. Hakuna aliyedanganya katika kujibu. Swali lenyewe halikuwekwa kwenye bango.

Habari ikisema kitu "kinaongeza hatari maradufu", niogope?

Uliza kwanza: maradufu ya ngapi? Mwaka 1995 Uingereza ilitoa onyo kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Vichwa vya habari vikapiga kelele, asilimia 100! Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa kutoka mwanamke 1 hadi 2 katika kila 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka kwa makadirio ya 13,000. Ujauzito wenyewe, kwa bahati mbaya, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Matangazo hutumia mlango huohuo kwa kutokea upande wa pili: "hupunguza hatari kwa asilimia 50" inaweza kuwa kutoka 2 hadi 1 kati ya 7,000.

Sijawahi kuulizwa kwenye kura ya maoni, wala simjui aliyeulizwa. Watu 1,200 wanawezaje kusemea nchi kama Tanzania, iliyohesabiwa watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022?

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima sakafuni. Anachoma bambo juu, katikati na chini, anamimina punje kiganjani na kutazama kama kuna zilizobunguliwa. Gunia liwe moja au ghala zima, kiganja ni kilekile. Anayeibiwa haibiwi kwa udogo wa kiganja. Anaibiwa kwa kukubali kuchoma bambo pale muuzaji anapomwelekeza.

Kwa watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu, hesabu zake ni hizi: 400 hukupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini, 1,200 karibu asilimia 3, na 2,400 karibu 2. Ukitaka kupunguza kosa kwa nusu, unahitaji watu mara nne. Ukubwa wa nchi karibu hauingii kabisa, ndiyo maana Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ya Waafrika, huhoji watu 1,200 au 2,400 iwe ni nchi kubwa au ndogo. Sharti ni moja: kila mtu mzima awe na nafasi ya kuchaguliwa, pamoja na yule wa mwisho wa barabara ambako gari halifiki.

Lakini sampuli, yaani kundi la waliohojiwa, ikiwa kubwa zaidi, si itakuwa bora zaidi?

Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 na kuchukua majimbo 46 kati ya 48.

Majina yalitoka kwenye orodha za simu na za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Bambo lilichomwa kwa matajiri. Zaidi ya hapo, wasiompenda Roosevelt walikuwa na hamu kubwa ya kurudisha karatasi kuliko wafuasi wake. George Gallup, kwa watu kama 50,000, alitaja mshindi sahihi. Jarida lilikuwa limepatia chaguzi zote tangu 1916, jambo lililolipa ujasiri. Mwaka 1938 likafa.

Na kura za redioni, au zile za kwenye kundi la WhatsApp?

Ni burudani. Zimewahesabu wenye salio, wenye muda na wenye hasira.

Tafiti za simu zinawakosa wasio na simu, sivyo?

Huwakosa, isipokuwa mtafiti akijisumbua. Shirika la Twaweza lilipoanzisha utafiti wa simu wa Sauti za Wananchi Tanzania Bara, lilichagua kwanza watu wapatao 2,000 kwa kuwafuata majumbani, kisha likawapa simu na chaja za sola ili waweze kupigiwa mara kwa mara. Hapo mtu hakuchaguliwa kwa sababu ana simu. Alipata simu kwa sababu amechaguliwa.

Kuna kasoro nyingine isiyotibiwa kwa chaja. Mwishoni mwa mahojiano, Afrobarometer huuliza: unadhani nani ametutuma? Wengi husema serikali, ingawa wameambiwa sivyo. Mtu anayedhani anaongea na serikali atajibu tofauti anapoulizwa kuhusu rais, kodi au choo chake. Ukisoma asilimia za kuridhika na viongozi, kumbuka mgeni aliyekuwa mlangoni na daftari.

Kenya 2022 kura nyingi za maoni zilimweka Raila Odinga mbele. Zilidanganya?

William Ruto alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Tofauti ya namna hiyo ni ndogo kuliko kosa la kawaida la utafiti wa watu elfu moja au mbili. Lakini kosa la hesabu peke yake lisingeyapeleka makampuni mengi upande mmoja, kwa hiyo tazama mengine: waliosema hawajaamua, waliokataa kutaja mgombea, na waliojibu vizuri kisha siku ya kura wakabaki nyumbani. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, wachache kuliko 2017. Kura ya maoni huuliza watu wazima. Uchaguzi huamuliwa na waliopanga foleni.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inawataka wanaochapisha kura za maoni za uchaguzi kutaja mfadhili, idadi ya waliohojiwa na maswali yaliyoulizwa. Magazeti mengi huweka hayo chini kabisa kwa herufi ndogo. Anza kusoma huko.

Mama mkubwa hutuma dawa za ajabu kwenye kundi la familia kila asubuhi. Nimjibuje bila kuonekana sina adabu?

Usimjibu mbele ya kundi. Mwandikie pembeni: "Shikamoo mama mkubwa. Nimeiona ile dawa ya presha. Huyo aliyepona unamfahamu? Alipima wapi kabla na baada?" Mara nyingi atasema kaletewa na mtu, naye kaletewa. Ukimuuliza kwa upole atafuatilia mwenyewe. Ukimtumia kiungo cha kumuumbua, kesho atatuma tatu. Kitu kimoja usikiache kipite: ujumbe unaomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Hapo piga simu, si kuandika.

Ninaandika tasnifu. Fomu niliyosambaza kwenye makundi ya WhatsApp imejazwa na watu 380. Naweza kuandika "asilimia 70 ya vijana wa Dodoma"?

Huwezi. Andika "asilimia 70 ya watu 380 waliojaza fomu", na ueleze makundi yalikuwa ya kina nani. Ile fomula ya Yamane unayoiona kwenye tasnifu za wenzako inakupa idadi ya watu wa kuhoji tu, na inachukulia kwamba umechagua watu kwa bahati nasibu. Haiwezi kuiponya fomu iliyojazwa na waliojisikia.

Ukiwa na muda, omba orodha ya kaya kwa mtendaji wa mtaa, chagua kwa kuruka idadi maalumu, na nyumba iliyofungwa mchana irudie jioni, kwa sababu anayefanya kazi kutwa ana maoni tofauti na anayeshinda nyumbani. Andika pia wangapi walikataa. Na msimamizi akitaka ufikishe 400 kwa kusambaza kiungo tena, mweleze kwamba hao 20 wa nyongeza watatoka kwenye makundi yaleyale.